JEZI HAIPIGI KURA

Afikaye Makutano, mjini Meru, siku ya Jumamosi alasiri, hukuta hoteli zenye televisheni zimejaa watu, vijana kwa wazee, macho yao yote yameelekea ukutani. Nje pikipiki za bodaboda zimesimama safu moja; ndani chai inapoa mezani, maana hakuna mwenye nafasi ya kuinywa. Mmoja amevaa jezi ya Arsenal, wa pili ya Manchester United, na wa tatu, aliyekaa karibu na mlango, amevaa ya kijani ya Gor Mahia, ingawa timu yake haichezi siku hiyo. Likiingia bao, nusu ya chumba huruka juu na nusu hushika kichwa. Mchezo ukiisha, kila mtu hulipa chai yake, na wale waliokuwa wakitupiana maneno hupanda pikipiki moja kurudi kwao Nkubu.

Katika hoteli kama hizo husikiwa mara nyingi neno hili, kwamba timu ya mtu ndiyo chama chake. Mzee akimwona kijana wa Kimeru amevaa jezi ya Gor Mahia, humwuliza, "Kijana wangu, siku hizi wewe umekuwa wa upande ule?" Naye kijana hujibu, "Hapana, mzee, mimi napenda mpira tu. Kura yangu iko pale pale." Watu hucheka na mazungumzo huendelea.

Lakini swali la mzee halikustahili kuishia katika kicheko. Je, mpenzi wa timu huipenda kwa ajili ya miguu ya wachezaji, au kwa ajili ya kabila na siasa iliyosimama nyuma ya wachezaji? Na kama siasa imo ndani ya mpira, iliingia kwa mlango gani? Watu wa Meru na Embu wana sababu njema ya kulifikiri jambo hili kuliko wengine, maana katika siasa ya Kenya walipewa upande tangu zamani, lakini katika mpira hawakupewa upande wo wote.

TIMU ZILIZOZALIWA NA VYAMA

Ligi ya taifa ya mpira wa miguu ilianza mwaka wa 1963, mwaka ule ule nchi ilipopata Uhuru, na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata kombe lilichukuliwa na Luo Union, na mwaka wa 1966 na Abaluhya. Majina hayo mawili yanajieleza yenyewe.

Mtu aliyetoka Nyanza au Magharibi kwenda kutafuta kazi Nairobi alifika mji asioujua. Akiugua hana ndugu, akifa hana wa kumrudisha kwao. Kwa hiyo watu wa kabila moja walifanya vyama vya kusaidiana, wakachanga fedha za mazishi na za karo, na vijana wao wakacheza mpira Jumapili. Timu ilikuwa mtoto wa chama. Wala chama hakikuwa mbali na siasa: Jaramogi Oginga Odinga aliiongoza Luo Union kwa cheo cha Ker mpaka mwaka wa 1957, ndipo akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria.

Abaluhya Football Club iliundwa mwaka wa 1964. Gor Mahia iliundwa mwezi wa Februari 1968, ikapewa jina la mganga mashuhuri wa hadithi za Wajaluo, na katika msimu wake wa kwanza ikatwaa ubingwa. Miaka ile haikuwa ya kawaida. Mwaka wa 1966 Odinga alikuwa ametoka katika Serikali na kuanzisha chama cha Kenya People's Union. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, baada ya ghasia na mauaji ya Kisumu, chama cha Odinga kilipigwa marufuku naye akatiwa kizuizini.

Basi fikiri hali ya mtu wa Nyanza aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika mwaka wa 1970. Chama chake kimefungwa. Kiongozi wake yumo kizuizini. Mkutano wa hadhara hauruhusiwi. Lakini Jumapili anaweza kununua tikiti, akaingia kiwanjani pamoja na maelfu ya wenzake, akaimba kwa lugha yake mpaka sauti ikauke, wala hakuna askari awezaye kumshtaki kwa kushangilia bao. Mahali palipofungwa baraza, kiwanja huwa baraza. Huo ndio mlango mmoja ambao siasa hupitia kuingia katika mpira, na mara nyingi anayeufungua ni yule aliyefunga milango mingine.

HERUFI TATU

Kwa watu wa Meru na Embu mambo yalikuwa mengine. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka wa 1952 mpaka 1960, Serikali ya kikoloni iliwahesabu pamoja na Wakikuyu kwa herufi tatu, K.E.M., yaani Kikuyu, Embu na Meru. Herufi hizo ndizo zilizoamua ni nani asafiri na ni nani asisafiri. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, watu wa makabila hayo matatu walitakiwa kuwa na hati ya uaminifu kwa Serikali ndipo waandikishwe kupiga kura. Aliyechaguliwa katika sehemu ile ya Kati alikuwa Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru, naye alimshinda Eliud Mathu.

Baada ya Uhuru herufi zilirudi kwa sura nyingine. Katika mwanzo wa miaka ya 1970 kiliundwa chama kilichoitwa GEMA, yaani Gikuyu, Embu na Meru. Chama hicho kilijulikana kwa mashamba, kwa biashara na kwa nguvu zake katika siasa. Kwa mpira hakikujulikana. Jambo hili lastahili kuangaliwa, maana vyama vingine vikubwa vya makabila viliacha majina yao katika orodha ya mabingwa wa ligi, lakini hiki, kilichokuwa na fedha nyingi, hakikuacha.

Sababu zaweza kuwa nyingi, lakini moja ni dhahiri. Watu wa Meru na Embu walikuwa na mahali pengine pa kusikiwa. Jackson Angaine wa Meru na Jeremiah Nyagah wa Embu walikaa katika baraza la mawaziri miaka mingi. Mkulima mwenye shida juu ya hati ya shamba au bei ya kahawa alijua ni mlango wa nani abishe. Si kwamba kila aliyebisha alifunguliwa. Lakini mlango ulikuwapo. Mwenye mlango wa kubisha haendi kiwanjani kupiga kelele juu ya shamba lake. Akienda kiwanjani, huenda kutazama mpira.

JINA LAONDOKA, HERUFI ZABAKI

Mwaka wa 1980 Serikali ya Rais Moi iliamua kwamba vyama vya kikabila vivunjwe. GEMA ikavunjwa, na Luo Union ikavunjwa. Timu za mpira nazo zikatakiwa kuacha majina ya makabila. Abaluhya Football Club ikabadilishwa kuwa AFC Leopards, na ikaelezwa kwamba AFC maana yake ni All Footballers Confederation. Kwa Gor Mahia yakatafutwa maneno ya kuingia katika herufi zake, ikaitwa Gulf Olympic Rangers.

Mwenye kusoma kwa makini ataona ujanja uliomo. Herufi za AFC ndizo zile zile za Abaluhya Football Club, na herufi za kwanza za Gulf Olympic Rangers hurudisha Gor. Wapenzi wa timu walikubali amri kwa midomo, wakaendelea kuita timu zao kwa majina ya mapenzi, Ingwe na K'Ogalo, kama walivyofanya jana na juzi. Leo hii hakuna mtu wa kawaida anayesema Gulf Olympic Rangers. Neno lenyewe limekufa, na Gor Mahia ipo.

Hapo pana funzo. Amri yaweza kubadilisha kibao kilicho mlangoni, lakini haibadilishi sababu iliyowaleta watu ndani. Ikiwa watu walikusanyika kwa kuwa hawasikiwi mahali pengine, kuwanyang'anya jina hakuwafanyi wasikiwe.

JINSI GOR NA INGWE ZILIVYOFIKA EMBU

Timu za Meru na Embu hazijapata kuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya hata mara moja. Basi kijana wa Runyenjes au wa Maua aliyependa mpira alipenda timu ya nani? Alipenda ya wengine, nayo ilimfikia kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kazi. Mji wa Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka mikoa ilipoacha nafasi kwa kaunti mwaka wa 2013. Makarani, walimu, askari polisi na wauguzi walihamishwa huku kutoka Kisumu, Kakamega, Machakos na Mombasa. Kila mmoja alikuja na sanduku lake, godoro lake na timu yake. Mwalimu akiwa hodari darasani, na akawa mtu wa Gor Mahia, wanafunzi wake nao huanza kuipenda kwa kumpenda yeye. Mtoto wa Kiembu hakuuliza timu ile ni ya kabila gani. Alijua ni timu ya mwalimu.

Njia ya pili ni redio. Jumamosi na Jumapili Sauti ya Kenya ilitangaza mchezo kwa Kiswahili, na mtu aliyekuwa akichuma kahawa aliweza kuutundika mti redio yake ndogo, asikie mpira unatoka kwa nani unakwenda kwa nani. Sauti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwezi wa Februari 2025. Msikilizaji wa Chuka hakuona jezi wala hakusikia lugha ya nyumbani kwa wachezaji. Alisikia Kiswahili, na kwa Kiswahili timu zote zilikuwa za Kenya.

Hata hivyo sauti ile ile ilipata kutumiwa kwa kazi nyingine. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga walioasi walimtoa Mbotela nyumbani kwake, wakamlazimisha kutangaza kwamba Serikali imepinduliwa. Walijua wanalolifanya. Walitaka sauti ambayo wananchi waliizoea na kuiamini, nao hawakuitafuta kwa wanasiasa. Jioni ya siku hiyo uasi ulikuwa umeshindwa. Lakini jambo lile lilionyesha wazi kwamba imani ya watu ikikaa katika mchezo, wenye haja ya utawala hawakosi kuitamani.

Na iko siku ambayo mgawanyiko wote ulisahauliwa. Tarehe 5 Desemba 1987, katika kiwanja cha Kasarani, Gor Mahia ilitoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia. Kwa kuwa mchezo wa kwanza mjini Tunis ulikuwa sare ya 2-2, mabao ya ugenini yaliipa Gor Mahia Kombe la Washindi la Afrika. Hakuna timu nyingine ya Kenya iliyopata kutwaa kombe la bara kwa upande wa wanaume. Siku hiyo mtu wa Meru aliyefurahi hakuulizwa na mzee ye yote kama amehamia upande ule.

SI KENYA PEKE YAKE

Jambo hili la timu kuvaa nguo za siasa ni la kale sana. Katika mji wa Constantinople, ambao leo ni Istanbul, watu walikuwa wamegawanyika kwa kushangilia mashindano ya magari ya farasi: hawa wa rangi ya buluu na wale wa rangi ya kijani. Mfalme Justinian mwenyewe aliwapendelea wale wa buluu. Mwezi wa Januari mwaka wa 532 pande hizo mbili, zilizochukiana siku zote, ziliungana dhidi yake. Sehemu kubwa ya mji iliteketea kwa moto, na askari wakawazingira watu kiwanjani. Mwandishi Procopius, aliyeishi zama hizo, alieleza kwamba waliouawa walipata 30,000. Watu wale hawakuwa na bunge wala sanduku la kura. Mahali pekee walipoweza kumpigia kelele mtawala wao, naye akasikia, palikuwa pale kiwanjani.

Huko Glasgow, Celtic iliundwa mwaka wa 1887 miongoni mwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na Rangers ikawa timu ya Waprotestanti. Mpaka leo bendera zinazopepea siku ya mchezo wao huzungumza habari za Ireland na za ufalme kuliko za mpira. Hapa jirani, Young Africans ya Dar es Salaam ilianza mwaka wa 1935, zamani za kutawaliwa, na watu hawachoki kutaniana kwamba rangi zake za kijani na manjano ndizo pia za chama cha CCM. Lakini katika nchi ile ile wako maelfu ya wapenzi wa Simba wenye kadi ya CCM, na utani huishia hapo.

Huko Marekani wachunguzi wameuliza watazamaji wa michezo juu ya siasa zao, wakaona kwamba wapenzi wa gofu na wa mashindano ya motokaa huelekea zaidi upande wa chama cha Republican, na wapenzi wa mpira wa kikapu upande wa Democratic. Yafaa jambo hili lieleweke vizuri. Mpira wa kikapu haumfundishi mtu namna ya kupiga kura. Ila watu wanaoishi mijini na watu wanaoishi mashambani, vijana na wazee, weusi na weupe, hawatazami michezo ile ile, wala hawapigi kura namna moja. Kinachoonekana kama siasa ya mchezo ni kivuli cha maisha ya watu wenyewe.

Basi kwa kipimo hicho, kijana wa Makutano mwenye jezi ya Gor Mahia alimjibu mzee kwa haki. Marehemu Raila Odinga, aliyefariki tarehe 15 Oktoba 2025, alijulikana kwa mambo mawili katika mpira: alikuwa mlezi wa Gor Mahia, na alikuwa mpenzi wa Arsenal. Katika uchaguzi wa 2013, wa 2017 na wa 2022 kura nyingi za Meru na Embu hazikumwendea. Hata hivyo mamia ya wapenzi wa Arsenal wa Embu walionuna Jumamosi jioni timu yao iliposhindwa walinuna pamoja naye, na iliposhinda walifurahi pamoja naye. Walitofautiana juu ya nani aingie Ikulu, wala hawakutofautiana juu ya nani acheze mbele.

KIKOMBE CHA MGOMBEA

Isidhaniwe kwa hayo kwamba siasa haikuingia katika mpira wa Meru na Embu. Iliingia, ila kwa mlango wa nyuma, nao ni mpira wa kijijini.

Mwaka wa uchaguzi unapokaribia, vikombe huchipuka kama uyoga baada ya mvua. Kila mgombea ana mashindano yake. Timu ya kijiji iliyokuwa ikicheza kwa mpira uliotobolewa na miiba huletewa mipira miwili mipya na jezi kumi na nane, na juu ya kifua cha kila jezi imepigwa picha ya mheshimiwa akitabasamu. Fainali huchezwa siku mheshimiwa anayoweza kufika, na mchezo husimamishwa ili ahutubie. Wachezaji hukaa juani na jasho likikauka mwilini. Kura zikiisha hesabiwa, ikiwa ameshindwa haonekani tena, na mara nyingi akishinda pia haonekani. Milingoti ya goli huliwa na mchwa, na picha iliyo juu ya jezi hufifia kwa sabuni mpaka asijulikane ni nani.

Vijana hulaumiwa kwa kupokea jezi hizo, nao hujibu kwamba mwenye njaa hachagui chungu. Jibu lao lina haki ndani yake. Kijana wa kijijini asiye na kazi, asiye na kiwanja, atamkataliaje mtu anayemletea mpira? Kosa si kupokea. Kosa ni kudhani kwamba kilichopokelewa kimenunua kitu. Sanduku la kura halina dirisha, na karatasi ya kura haina picha ya jezi. Mwenye kupokea mpira wa mgombea mmoja na jezi za mwingine, kisha akampigia kura wa tatu aliyeleta maji na barabara, hakumwibia mtu.

Tena yako maswali ambayo nahodha wa timu ya kijiji aweza kumwuliza mheshimiwa kwa adabu, naye akiyakosea jibu atajulikana. Kiwanja hiki tunachochezea kimeandikwa kwa jina la nani? Kikombe hiki kitakuwapo mwaka ujao, ambao hauna uchaguzi? Fedha zake zitashikwa na nani? Kamati yenye mwalimu mmoja, mama mmoja na vijana wawili, iliyo na daftari la hesabu, ni bora kuliko jezi mia moja zenye picha.

Viwanja vikubwa navyo havikuachwa nyuma. Sikukuu ya Madaraka ya mwaka wa 2018 ilifanywa Kinoru, mjini Meru, na ile ya mwaka wa 2023 ikafanywa katika kiwanja cha Moi, mjini Embu. Viwanja vyote viwili vilishughulikiwa ili vipokee wageni wakubwa, nalo si jambo baya, maana nyasi zilizopandwa kwa ajili ya gwaride zaweza kuchezewa na watoto kesho yake. Lakini wananchi wa miji hiyo wana haki ya kuhesabu: katika mwaka mzima, kiwanja chao kilifunguliwa siku ngapi kwa hotuba, na siku ngapi kwa mpira?

MWAKA ULIO MBELE

Mwaka wa 2027 umepangiwa mambo mawili makubwa katika Kenya. Moja ni mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika, yatakayoandaliwa na Kenya pamoja na Uganda na Tanzania. La pili ni uchaguzi mkuu. Umati ule ule utakaoitwa kushangilia bendera moja utaitwa pia kushangilia vyama vingi, na wako watakaojaribu kuvaa jezi ya taifa ili waonekane kwamba bao lilifungwa na wao.

Kenya imekwisha kuonja matamu na machungu ya mambo hayo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na jirani alimfukuza jirani kwa ajili ya kura ambayo hakuna aliyemwona akiipiga. Mwaka uliofuata, 2008, bingwa wa ligi alikuwa Mathare United, timu ya vijana waliokulia katika mtaa wa mabanda wa Nairobi, mtaa ambao wenyewe ulikuwa umeonja moto na panga. Timu ile haikuwa ya kabila. Ilijengwa na chama cha michezo cha vijana ambacho tangu mwaka wa 1987 kilikuwa kikizoa takataka mitaani na kucheza mpira, na mtoto alihesabiwa kwa kazi yake na kwa mguu wake. Hakuna aliyewaamuru wabadilishe jina ili waonekane wamoja. Walikuwa wamoja kwa kuwa walifanya kazi moja.

Na mwezi wa Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, Harambee Stars iliishinda Morocco 1-0 pale Kasarani, ikiwa na wachezaji kumi tu uwanjani. Katika hoteli za Meru siku hiyo hakukuwa na Arsenal wala Manchester. Aliyekuwa na jezi ya Gor alikumbatiana na aliyekuwa na ya Ingwe, na mzee yule mwenye maswali alisimama juu ya kiti.

Kumbe mpenzi wa mpira ni mtu mwenye kamba nyingi. Moja imemfunga kwa ukoo wake, ya pili kwa chama chake, ya tatu kwa timu yake, ya nne kwa nchi yake. Kamba hizo zikivuta zote upande mmoja, mtu huyo ni rahisi kuburutwa na ye yote atakayezishika. Zikipishana, mtu husimama imara mahali pake, kwa kuwa hawezi kumchukia kabisa mwenzake wa kura nyingine aliye wa timu moja naye, wala kumfuata kabisa mwenzake wa kura moja aliyetaka kumpiga mpenzi wa timu yake. Watu wa Meru na Embu, waliokosa timu ya kabila lao, wamepata kamba zilizopishana bila kuzitafuta. Ni mali hiyo, nao wasikubali kuiuza kwa jezi kumi na nane.

Mzee akimwuliza kijana tena kama amehamia upande ule, kijana na amkaribishe kiti, amwagizie chai, amweleze kwamba upande wake ni huu: mpira uchezwe dakika tisini, kura zihesabiwe zote, na baada ya yote mawili watu warudi Nkubu kwa pikipiki moja.